Vidole vya Mkono Uliokatwa



Huku kwetu Uvira, toka Kavimvira mpaka Kalundu, watu waliokatwa mkono tunawajua: masasi, ajali za pikipiki, vidonda vilivyooza. Tumesikia zaidi ya mmoja akisema, "Mkono wangu ungali hapa, nasikia vidole vinakunja." Basi hapo maneno yanaanza. Jamaa wanasema mkono ulizikwa vibaya, ufukuliwe unyoshwe. Wengine wanatafuta mchawi. Hata katika maombi pepo ya mkono inaamriwa itoke!

Sisi tunakataa. Yule mutu hana pepo wala wazimu.

Shika mkono wako chini kidogo ya kiwiko, halafu kunja ngumi. Unasikia nyama inavimba? Nyama zenye nguvu za kukunja vidole ziko pale juu, vidole vinavutwa tu kama kwa kamba. Mkono ukikatwa kwenye kifundo, nyama zile zinabaki, pamoja na mishipa inayoleta amri ya ubongo. Mutu akitaka kukunja ngumi isiyokuwapo, nyama inakaza kweli kweli, na ikikaza inatoa umeme mdogo sana, karibu sehemu moja ya elfu ya volti. Betri ya radio iko na volti 1,5, mupime wenyewe.

Mwaka 1948 Reinhold Reiter, mwanafunzi wa fizike huko München, Ujerumani, alionyesha kwamba umeme huo unaweza kuamuru mkono wa bandia. (Mwanafunzi, tunasema!) Mashine yake haikubebeka. Mwaka 1960 Alexander Kobrinski na wenzake wa Moscow walileta mkono ambao mutu aliweza kutembea nao, betri ikiwa kiunoni. Siku hizi vibati viwili vya chuma vinagusa ngozi: nyama ya mbele ikikaza, mota inafunga vidole, ya nyuma ikikaza, inafungua. Kumbe kile kinachoitwa uchawi ndicho usukani wenyewe.

Tutaambiwa: hivyo ni vitu vya matajiri, na umeme wa SNEL tunaujua. Ni kweli. Mkono wa namna hiyo si wa mfuko wetu. Lakini uko mkono wa kamba, unaovutwa na bega, na wenye kuuzoea wanafanya nao kazi. Kule Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, ambacho CICR imekisaidia kutengeneza viungo vya bandia. Kwamba ni cha Wakatoliki lisiwe neno kwetu Waprotestanti.

Kinachotuumiza ni kuchelewa. Miaka ya 1980 waganga wa Marekani waliona kwamba waliovalishwa mkono wa bandia ndani ya siku 30 waliuzoea na kuutumia kuliko waliongojeshwa. Huku kwetu mutu anazungushwa miaka miwili kwa wenye kufukua mikono, nyama inakonda, anazoea kuficha kile kipande ndani ya shati. Njia ya Kamanyola ni mbaya, vita navyo huifunga, tunajua. Basi kidonda kikipona, amuulize muuguzi namna ya kuzoeza nyama zile kila siku, akunje ile ngumi, wala nyumbani asikatazwe.

Na wazee wa kanisa tunawaomba: kabla ya kuita maombi ya kufukuza pepo, mupitishe kwanza kikapu cha nauli ya Bukavu.