Itaendelea, Lakini Wapi?

Kila ifikapo tarehe 7 Julai tunapanda majukwaani kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Tunalitaja azimio la UNESCO la mwaka 2021, tunawataja wasemaji zaidi ya milioni 200, tunavaa kanga na vitenge, tunapiga picha na kuagana. Sijamsikia mgeni rasmi hata mmoja akiuliza swali la mkutubi: maandishi mapya ya lugha hii yako wapi, nani kayaandika, na mtu akiyahitaji miaka kumi ijayo atayapata wapi?

Nakusudia hasa hadithi fupi na hadithi za mfululizo ambazo vijana wetu wanaziandika na kuzisambaza kwa simu, sehemu baada ya sehemu. Fasihi hii ina wasomaji, ina waandishi na ina soko, lakini haina rejista. Hoja yangu ni kwamba fasihi isiyopangwa ni fasihi isiyo na mwenyewe, na mali isiyo na mwenyewe huliwa na mwenye meno. Wanaodhani kupanga hadithi ni kazi ndogo ya ukarani hawajatazama nani anayefaidika na mvurugano uliopo.

Tuangalie mambo yanavyokwenda. Mtunzi anaandika sehemu ya kwanza na kuimalizia kwa neno "itaendelea". Sehemu ya pili inafunguliwa kwa "ilipoishia". Wasomaji wakishanogewa, linatolewa tangazo kwamba anayetaka sehemu zilizobaki atume shilingi elfu moja kwa namba fulani, na watu wanatuma. Hawa ndio Watanzania ambao kila warsha ya elimu inawasimanga kwamba hawapendi kusoma! Kisha msomaji mmoja anazinakili sehemu zote, analifuta jina la mtunzi pamoja na namba yake ya simu, na kuzirusha upya. Baada ya muda hadithi ileile inazunguka kwa majina matatu. Sehemu ya 14 haipo, sehemu ya 22 imejirudia, na mwisho umetungwa na mtu asiyemjua hata mhusika mkuu. Mtunzi mwenyewe akiibiwa simu pale Kariakoo, nakala asilia inaondoka na mwizi.

Sheria ipo, tusidanganyane. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapoandikwa, bila sharti la kuisajili, na ulinzi huo unaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Fanya hesabu. Kijana wa miaka 25 anayeandika leo, akijaliwa kufika miaka 75, kazi yake italindwa kwa karne nzima: miaka 50 akiwa hai na miaka 50 akiwa kaburini. Lakini haki mbele ya hakimu husimama kwa ushahidi. Nani aliandika? Aliandika lini? Toleo lipi ndilo lake? Hadithi isiyo na tarehe, isiyo na namba ya sehemu na isiyo na nakala iliyohifadhiwa inamwacha mwenye haki mikono mitupu. Sheria imempa miaka 100, nasi tumemwachia simu ambayo haifiki miaka mitatu.

Hili si jambo geni kwetu, ndiyo maana uzembe wetu hauna udhuru. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni, na malengo yake tunayajua. Hata hivyo kila toleo lilikuwa na mwezi na mwaka wake, na barua, hadithi na mashairi yalikuwa na majina ya walioyatuma. Kwa sababu hiyo mtafiti wa leo anaweza kumfuata Shaaban Robert katika kurasa zile na kuona alichapisha nini kabla hajawa Shaaban Robert tunayemfundisha madarasani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau, na mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale ukatoka kitabuni. Bwana Msa akaingia katika historia akiwa na tarehe na mchapishaji. Je, mpelelezi anayetungwa usiku huu huko Mbagala au Nyakato ataingia katika historia kwa mlango gani?

Nianze na serikali, kwa kuwa watumishi wa umma ni miongoni mwa wanaonisoma. Serikali yetu inajua sana kuorodhesha ikitaka. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 za leseni. Kanuni hizo zimefanyiwa mabadiliko tangu wakati huo, lakini zilionyesha kwamba dola ina uwezo wa kumtambua anayeandika, kumpa namba na kumdai. Kwa upande mwingine tunayo Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975, inayomtaka mchapishaji awasilishe nakala za kazi yake ili taifa lizihifadhi. Ni sheria ya zama za karatasi, na mwandishi wa simu haoni mahali pake ndani yake. Basi matokeo ni haya: kwa ajili ya ada, maandishi ya mtandaoni yanahesabika kuwa uchapishaji, kwa ajili ya hifadhi, yanahesabika kuwa upepo. Dola imelikumbuka jicho la kuchunga, ikausahau mkono wa kutunza.

Wanaharakati nao wasijifiche nyuma ya kosa la dola. Tunapiga kelele, na ni haki yetu, kitabu kinapopigwa marufuku. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa mashuleni. Leo inafundishwa kwa sababu nakala zilibaki na watu waliendelea kuzigombea. Hadithi iliyopotea inatuumiza kuliko iliyopigwa marufuku, maana iliyopigwa marufuku ina watetezi na iliyopotea haina hata jina la kutetewa. Uhuru wa kujieleza usiofuatwa na hifadhi ni ruhusa ya kuandika juu ya mchanga maji yakiwa yameanza kujaa.

Zamu yetu sasa, sisi wa vyuo vikuu. Mwanafunzi akitaka kuandika tasnifu kuhusu hadithi ya mfululizo iliyosomwa kwenye simu, anaulizwa na jopo: matini yako imechapishwa wapi? Akijibu kwamba haikuchapishwa popote, anashauriwa arudi kwenye riwaya zilizokwisha kufanyiwa tasnifu thelathini. Ni hoja ya mzunguko: hatuzihifadhi kwa kuwa si fasihi rasmi, na si fasihi rasmi kwa kuwa hazikuhifadhiwa. Tuliwahi kuwabeza hivyo Elvis Musiba na Ben Mtobwa, tukaziita kazi zao "fasihi pendwa" kwa kubana pua. Leo Willy Gamba na Joram Kiango wanajadiliwa kwenye semina zetu, na kilichowafikisha huko ni kitabu kilichobaki rafuni. Hukumu zetu za wakati ule hazikuwasaidia kitu.

Hadithi fupi ina balaa lake la ziada. Katika Afrika Mashariki imekuwa mpangaji kwenye nyumba ya mitihani. Nchini Kenya Damu Nyeusi, Tumbo Lisiloshiba na Mapambazuko ya Machweo zimesomwa na maelfu ya wanafunzi kwa kuwa ziliteuliwa kuwa vitabu vya kutahiniwa. Hadithi fupi ambayo haikuteuliwa inaishi kwa bahati. Nchini kwetu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipoanza kutolewa mwaka 2023 ililenga riwaya na ushairi. Ni tuzo njema na naiunga mkono, lakini hadithi fupi ya watu wazima ilibaki mlangoni. Kwenye simu nako inamezwa. Mfululizo unarudi kila siku na kujikumbusha wenyewe kwa msomaji. Hadithi fupi inatokea mara moja tu, na kufika jioni imefunikwa. Ukizirundika pamoja bila kuzitenga, umeiua hadithi fupi bila kukusudia.

Wapo watakaosema soko litajipanga lenyewe. Wattpad ilianzishwa Kanada mwaka 2006 kwa hadithi ambazo nyingi ziliandikwa bila malipo. Mwaka 2021 Naver ya Korea Kusini iliinunua kwa zaidi ya dola milioni 600. Kwa hiyo wenzetu wamekwisha kung'amua kwamba hadithi zilizopangwa ni mali. Swali ni mali ya nani. Na kampuni ikichoka, hufunga mlango: mwaka 2009 Yahoo ilizima GeoCities, na kurasa za watu wa kawaida zikazimika nayo, isipokuwa zile ambazo wajitoleaji waliwahi kuziokoa.

Mwaka huohuo wa 2009 kundi la wasomaji na waandishi, wengi wao wanawake, lilifungua hifadhi yake lenyewe, Archive of Our Own, inayoendeshwa kwa michango na kazi ya kujitolea. Mtunzi huipa hadithi yake lebo kwa maneno yake mwenyewe. Wajitoleaji huziunganisha lebo zenye maana moja, ili anayetafuta kwa neno hili asizikose zilizoitwa kwa neno lile. Kila kazi inaonyesha imefika sura ya ngapi, na kama imekamilika au bado. Wasomi wengi walizicheka hadithi za aina hiyo. Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilipewa Tuzo ya Hugo. Sitaji mfano huu ili tuwaige wageni. Nautaja kwa sababu unavunja kisingizio cha umaskini: kazi kubwa pale ilikuwa nidhamu na makubaliano.

Basi tukubaliane juu ya machache. Kwanza, kila sehemu ya mfululizo ibebe mambo matano: jina la hadithi, jina la mtunzi au lakabu yake, namba ya sehemu, tarehe, na hali ya hadithi, yaani inaendelea, imekamilika au imesitishwa. Msomaji anayelipa elfu moja ana haki ya kujua kama mwisho umekwisha kuandikwa au bado uko kichwani mwa mtunzi. Pili, hadithi fupi zitengwe na mifululizo, na kila baada ya miezi mitatu zikusanywe katika mkusanyo mmoja wenye mhariri anayejulikana kwa jina. Tatu, tuyapatanishe majina. Leo kisa kilekile kinaitwa simulizi, hadithi, riwaya au chombezo kwa kadiri ya pumzi ya anayekitangaza. Anayetafuta kwa jina moja akose matatu? Nne, za watu wazima ziwekwe alama wazi, ili mzazi ajue na mtoto alindwe. Tano, Maktaba ya Taifa ifungue dirisha la kupokea nakala za kidijitali, bure, na impe mtunzi stakabadhi yenye tarehe. Stakabadhi hiyo peke yake ingemtetea mbele ya mwizi kuliko semina kumi.

Nitaulizwa: orodha hiyo haitageuka rungu mikononi mwa wachunga maadili? Hofu hii ni ya kweli, na nimeitaja Rosa Mistika kwa makusudi. Jibu ni kuitenganisha kazi ya kuorodhesha na kazi ya kuhukumu. Rejista ya hadithi iwe kama rejista ya vizazi: inaandika nani kazaliwa, lini, na nani mzazi, haiulizi kama mtoto ni mzuri. Mwenye kutumia lakabu aachiwe lakabu yake. Rejista itunzwe na maktaba na vyuo pamoja na waandishi wenyewe, na mamlaka ya leseni ikae mbali nayo.

Nitaulizwa pia: tukizikusanya pamoja, hatutakuwa tumemrahisishia mwizi? Mwizi hajawahi kungoja orodha. Anachotegemea ni kutokuwapo kwake. Nakala inaweza kuhifadhiwa bila kufunguliwa kwa umma mpaka mtunzi aridhie. Inayopaswa kuwa wazi kwa kila mtu ni ile mistari mitano ya utambulisho.

Mwanafunzi anayesoma haya asisubiri waraka. Chagua mfululizo mmoja unaoupenda, mtafute mtunzi wake, mwombe idhini, zipange sehemu zake kwa namba na tarehe, mrudishie nakala moja na uhifadhi nyingine. Mtumishi wa umma mwenye dawati linalogusa utamaduni, maktaba au hakimiliki, andika dokezo la kurasa mbili juu ya dirisha hilo la kupokea nakala. Wabunge hawawezi kujadili jambo ambalo halijafika mezani. Nasi walimu tuache kuuliza matini imechapishwa wapi, tuulize tumefanya nini ili ipatikane.

Atakayekuja kuandika historia ya Kiswahili cha miaka hii hatatosheka na hotuba zetu za Julai. Atataka kujua watu walikuwa wanasoma nini usiku, taa zikiwa zimezimwa. Kwa hali ilivyo sasa, atakuta "itaendelea" nyingi, na baada yake hakuna kitu.