Kabla ya kugeuza Unimog kuwa boza la maji

Ndugu mwandishi, umeisifu injini ya lori la Unimog U1300L ukasahau kilicho chini yake. OM352 haina neno: dizeli, silinda 6, lita 5.7, na mafundi wetu wanaijua tangu enzi za Mercedes 1113. Anayenunua mnadani alale chini ya gari akague habu. Kila gurudumu lina gia zake mle, ndiyo maana difu zimekaa juu na gari linapita kwenye mawe. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia. Sili zimekwisha, pengine na beringi. Tena aulizie matairi, saizi 12.5R20, kabla hajakubaliana bei.

La tangi ndilo linaloniuma. Chesisi ya Unimog imeundwa ijipinde njia ikiwa mbaya. Nimeona tangi limechomelewa moja kwa moja juu yake, nyufa zimeshaanza kwenye kona. Tafadhalini, lifungwe kwenye fremu yake yenye egemeo 3, lipate kucheza. Na lita 1 ya maji ni kilo 1: lita 5,000 ni tani 5, mzigo ambao gari hili halikuundiwa kubeba.