Mbwa Siyo Kiki: Kama Huna Muda Naye, Muache Alipo

Wadau, hili leo nalitema. Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, ambaye kila akihamia mjengo mpya lazima aposti na mbwa mpya. Safari hii ni Rottweiler. Mara iliyopita alikuwa German Shepherd. Kabla ya hapo kulikuwa na kambwa keupe ka manyoya kanabebwa kama pochi. Laiki zinamiminika, watu "bonge la mbwa", "hatari sana mwanangu". Mimi swali langu ni moja tu: wale wa mwanzo wako wapi?

Simsemi yeye peke yake, maana tabia hiyo tunayo wengi, tofauti ni kwamba yeye ana wafuasi. Tunamtaka mbwa kwa mambo mawili, ulinzi na muonekano. Mengine yote, yaani chakula, chanjo, kumuogesha, kumtembeza, tunamuachia dada wa kazi au mlinzi wa getini. Msimamo wangu ni huu: mbwa usiyempa urafiki hakupi ulinzi. Anakupa kesi.

Chukua hizi nyumba zetu za Mbezi, Tabata au Kimara. Getini kibao kimeandikwa "Mbwa Mkali", ndani mnyama kafungwa mnyororo mfupi tangu asubuhi, jua lake, mvua yake. Watu wanaamini ukimfungia na kumnyima mazoea ndiyo anakuwa mlinzi. Anakuwa mkali kweli, lakini hajui kuchagua. Hajafundishwa nani mwenyeji na nani mgeni, kwa hiyo kila kinachotembea kwake ni adui. Siku mnyororo ukikatika hamng'ati mwizi. Anamng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira, au kijana wa bodaboda aliyekuletea chipsi zako mwenyewe. Mbwa mlinzi ni yule anayewajua watu wake. Anajua mwendo wa baba, sauti ya gari la mama, harufu ya watoto wakitoka shule. Huyo akibweka usiku, amka, kuna kitu.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye posti hamlioni kabisa, nalo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, kupona ni kama hakupo. Lakini kabla ya dalili unazuilika. Ukiumwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Siyo pilipili, siyo mafuta ya taa, siyo "tumuangalie kwanza kama atabadilika".

Na kinga yenyewe inaanzia kwa mbwa. Akifika miezi mitatu anachomwa, halafu anarudiwa kama daktari wa mifugo atakavyokuelekeza, kwa wengi ni kila mwaka. Mtu anatoa malaki kumnunua mbwa, kumchanja kwa pesa isiyofika hata robo ya hiyo anaona hasara. Hujui pa kuanzia? Kamuulize afisa mifugo wa kata yako. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizia mapema kama mtaani kwenu kutakuwa na zoezi la chanjo.

Tuje kwenye maisha ya kila siku sasa. Husky ni mbwa wa baridi ya Siberia. Kumleta kwenye joto la Dar, umeme ukikatika feni imelala, ni mateso. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha, inaweza kumtoboa utumbo. Chokoleti, vitunguu na zabibu kwake ni sumu, hata kama kwenye video anachekesha akila keki ya bethidei. Kupe nao wanamletea homa inayoweza kumuua, kwa hiyo kumkagua masikioni na katikati ya vidole siyo ushamba.

Majirani pia ni sehemu ya stori. Mtaa wetu umechanganyika. Jirani yako Mwislamu yuko njiani kwenda msikitini, mbwa wako anamrukia na kumlamba kanzu, na kwa wengi wetu wa pwani hiyo kanzu inabidi ioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Akikasirika usiseme anachukia wanyama. Mshike mbwa wako kwa kamba, toa salamu, pita. Na kinyesi chake okota, barabara siyo choo chenu.

Najua kuna watakaosema, "Watu wenyewe hawajala, wewe unatuletea habari za mbwa." Hoja naielewa, lakini hakuna aliyelazimishwa kufuga. Uwezo haupo? Usifuge, na wala hakuna atakayekucheka. Kinachokera ni kuchukua kiumbe hai kwa ajili ya picha tatu, kisha mwenye nyumba akisema hataki mbwa, unahama na kochi, televisheni na hata ndoo ya bafuni, mbwa unamuacha getini. Huyo ndiye kesho tunamuita mbwa koko, na akizaa mtaani hakuna wa kumchanja. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na kumtesa mnyama ni kosa, uwe na wafuasi milioni au kumi.

Kwa upande wa pili, kuna mtangazaji mmoja, naye jina kapuni, ambaye mbwa wake ni wa kienyeji tu, rangi ya udongo, sikio moja limelala. Hampigi picha mara kwa mara. Ila wanaoishi mtaani kwake wanakwambia alfajiri wanapita wote wawili, watoto wanamuita mbwa kwa jina. Huo ndio utajiri. Mji huu una watu wengi lakini upweke umejaa. Unarudi na foleni yako, bosi kakuvuruga, simu haiiti, na kuna mmoja nyuma ya geti anatikisa mkia kama umerudi kutoka vitani. Haulizi salio wala mshahara umeingia lini. Anachotaka ni nusu saa yako.

Basi kabla hujatuma pesa kwa muuza mbwa, jibu haya: nani atamlisha ukisafiri? Mwenye nyumba amekubali? Chanjo utampeleka lini? Ukihama, mtahama wote? Kama hata moja limekushinda, hifadhi hela yako. Na wewe ambaye tayari unaye, hebu sema ukweli, chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini?