MAMBO YA NYUMBA: Fundi wa Paa na Mapatano Yake

Katika nchi ya Embu miezi ya kubadili paa ni michache kuliko watu wanavyodhani. Masika huanza kati ya mwezi wa Machi na kuendelea hata Mei. Vuli hushika Oktoba mpaka Desemba. Na katikati yake, Juni na Julai, sehemu za juu zinazoelekea Mlima Kenya hufunikwa na ukungu na manyunyu hata mbao hazikauki. Yabaki basi Januari na Februari, kisha mwisho wa Agosti na Septemba. Mwenye nyumba inayovuja ayajua haya, na fundi ayajua pia. Ndiyo sababu Februari inapokaribia kwisha fundi mmoja huwa ameahidi nyumba tano, na wenye nyumba watano hushindana kumpa fedha mapema ili aanze na kwao.

Hapo ndipo madhara yanapoingia, na kisa chenyewe aghalabu huwa hivi. Mama mjane wa upande wa Runyenjes ameweka akiba katika chama kwa miaka mitatu. Fundi amwambia, "Mama, nipe fedha zote. Mabati nitanunua mwenyewe kwa bei ya mafundi, wewe usisumbuke." Jumatatu vijana wanne wapanda na kuezua nyumba yote kwa saa tatu. Jumanne yaletwa mabati nusu ya hesabu. Jumatano fundi haonekani, wala Alhamisi. Yuko kwa mtu mwingine, akiitumia fedha ya mama huyu kumaliza kazi ya yule aliyelipa kabla yake. Si lazima awe mwizi. Pengine ni mtu aliyejitwika kazi juu ya kazi, na kila kazi mpya humlipia deni la ile ya zamani. Walakini mvua haiulizi sababu. Usiku wa Ijumaa yalowa magodoro, mbegu za mahindi zilizowekwa darini, na lile sanduku lenye vyeti vya watoto na hati ya shamba.

Bei kubwa au ndogo haikumponza mama huyo. Kilichomponza ni kumwachia fundi vitu viwili kwa wakati mmoja: fedha zote na nyumba iliyo wazi. Mwenye nyumba akiweza kuzuia kimoja, hawezi kupotewa na yote. Na mapatano mema hayana kazi nyingine ila kuzuia vyote viwili.

Lakini kabla ya kumwita fundi yafaa kuhakikisha ya kwamba paa lahitaji kubadilishwa. Aingie mtu darini mchana, afunge dirisha, atazame juu. Akiona vitundu vya nuru vimetawanyika kila mahali, bati limekwisha. Akiona nuru penye misumari tu, bati laweza kuwa zima na kilichooza ni mipira ya misumari. Kazi hiyo ni ya siku moja, tena ni ya fedha kidogo. Kisha achome mbao kwa ncha ya kisu, hasa pale zinapokutana na ukuta. Ubao ulioliwa na mchwa hukubali kisu kama muhogo uliochemka. Jambo hili lina maana kubwa katika bei, kwa kuwa kupaua ni kazi moja na kuezeka ni nyingine. Fundi aliyeombwa bei ya kuezeka tu, akikuta kenchi zimeoza, atasimama katikati ya kazi na kudai fedha zaidi, naye atakuwa na haki. Kosa ni la aliyepatana bila kupanda juu.

Ni nani basi wa kuajiriwa? Watu wengi humwonyesha mgeni paa lililoezekwa mwezi uliopita, likimetameta kama kioo. Paa la namna hiyo halishuhudii lolote. Mwenye busara huomba kuonyeshwa paa ambalo fundi alilitengeneza miaka mitatu au minne iliyopita, akamwuliza mwenye nyumba, faraghani, maswali mawili: je, lilivuja, na lilipovuja, je, alirudi? Zaidi ya hayo, tangu Sheria ya mwaka 2011 kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huwaandikisha makandarasi na kuwatambua mafundi stadi. Fundi aliye na karatasi zake hatakasirika akiombwa azionyeshe. Karatasi haiondoi haja ya kwenda kutazama kazi yake, bali yule asiyekuwa na karatasi, wala nyumba ya kuonyesha, wala mtu wa kumdhamini, bei yake nafuu haina faida.

Kuhusu vifaa, ni afadhali sana mwenye nyumba anunue mwenyewe, ajapokwenda dukani pamoja na fundi. Hesabu si ngumu kama inavyosemwa. Wengi hukosea kwa kupima sakafu, hali paa hupimwa kwa kufuata mteremko. Nyumba ya mita 10 kwa mita 7 ina sakafu ya mita za eneo 70. Lakini paa lake la vipaa viwili, lenye mwinamo wa nyuzi 20 na upenu wa nusu mita pande zote, ni karibu mita za eneo 94. Ikiwa bati la mawimbi lafunika upana wa sentimita 80 baada ya kupandana na jirani yake, kila kipaa chataka safu ya mabati 14. Urefu wa kipaa ni mita 4 na sentimita 26. Basi bati la mita 2 na nusu likipandana sentimita 15 na bati la mita 2, latosha na kubakiza kidogo cha kuchungulia mferejini. Jumla ni mabati 28 ya urefu mmoja na 28 ya urefu mwingine, pamoja na kofia za kufunika mgongo wa paa. Mwenye hesabu hii mfukoni, akiambiwa na fundi ya kwamba yahitajiwa mabati 80, ataweza kuuliza yale mengine ni ya nini.

Namba ya geji huwachanganya wengi, kwa kuwa huenda kinyume: kadiri namba ilivyo kubwa, ndivyo bati lilivyo jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Hata hivyo muhuri wa geji pekee hautoshi. Mnunuzi aulize unene kwa milimita, autake uandikwe katika stakabadhi, na aangalie alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Bati la mawimbi ni chombo cha zamani, lililobuniwa Uingereza mwaka 1829, na hataza ya kulivika zinki ikatolewa Ufaransa mwaka 1837. Nguvu yake yote yatoka katika yale mawimbi na katika ule ukoko wa zinki. Anayepunguza unene ili apate rangi nzuri amenunua rangi.

Katika habari ya kununua, yafaa kukumbuka akina mama wa nchi ya kati ya Kenya. Katika miaka ya 1960 na 1970 walichanga shilingi zao katika vikundi, wakawaezekea wanachama mabati mahali pa nyasi, leo nyumba hii, kesho ile, hata watu wakaviita vikundi vya mabati. Fedha ilikaa mikononi mwa kikundi, na macho ya wanawake wengi yaliitazama kazi.

Upande wa mbao, grevilea imejaa katika mashamba ya kahawa na chai ya Embu, na mtu hushawishika kukata mti wake mwenyewe wiki ile ile ya kazi. Mbao mbichi zikikauka juu ya nyumba hujipinda, zikang'oa misumari na kulivuta bati. Mti ukatwe mapema, upasuliwe, mbao zipangwe kivulini kwa miezi kadhaa zikiwa zimetenganishwa na vijiti ili upepo upite.

Sasa mapatano. Yaandikwe, hata kama fundi ni mtoto wa ndugu. Tena hasa akiwa mtoto wa ndugu, kwa maana kumshtaki jamaa ni vigumu kuliko kumwandikia karatasi. Pasahauliwe siku ya kuanza na siku ya kumaliza, kazi yenyewe kwa maneno yaliyo wazi, na nani anunuaye kitu gani. Mabati ya zamani yatajwe pia. Wengi huyasahau, kisha jioni huyaona yakipakiwa kwenye mkokoteni wa fundi, naye husema ati ndiyo desturi. Mabati hayo yaweza kuezekea jiko, banda la mbuzi au ghala, na ni mali ya mwenye nyumba mpaka atamke vingine. Tena iandikwe ni nani mwajiri wa wale vijana wanaopanda juu. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humpa mwajiri wajibu wa kumfidia mfanyakazi aumiaye, na kuanguka kutoka juu ya paa si jambo la mbali.

Malipo ya ujira yakatwe vipande vifuatavyo kazi. Kipande kidogo wakati mafundi wanapofika na vifaa vikiwa tayari uani. Kingine wakati upauaji umekwisha na mwenye nyumba amezikagua mbao kabla hazijafunikwa. Kingine mabati yanapomalizika. Kipande cha mwisho, nacho kisiwe kidogo mno, kingojee mvua kubwa ya kwanza. Hilo liandikwe waziwazi tangu mwanzo, pamoja na siku ya mwisho ya kungojea, maana si haki kumnyima mtu ujira wake miezi minne kwa ajili ya ukame.

Siku ya kazi, sharti moja lisivunjwe: kama mbao ni nzima, kipaa cha pili kisiezuliwe mpaka cha kwanza kimefunikwa. Mafundi hawalipendi sharti hili kwa kuwa huwachelewesha kidogo. Lakini fundi akiitwa kwingine baada ya kipaa cha kwanza, familia ina mahali pa kulala. Ikiwa mbao zote zabadilishwa, basi maturubai yawepo uani kabla ya msumari wa kwanza kung'olewa. Waya za umeme zilizofungwa penye upenu zisiguswe na fundi wa paa. Kampuni ya umeme iitwe.

Mwenye nyumba hana haja ya kupanda ngazi kila saa, lakini atazame misumari. Yapigwe juu ya mgongo wa wimbi, wala si bondeni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Msumari uliopigwa bondeni utavuja hata ukiwa na mpira mpya. Katika nchi ya chini, Siakago na Kiritiri, ambako upepo wa kutangulia mvua waweza kubeba paa zima, kenchi zifungwe ukutani kwa mikanda ya chuma. Huko huko mifereji ya maji isiachwe kuwa kazi ya mwaka ujao. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya eneo ni lita moja ya maji. Ile nyumba ya mita 10 kwa 7, yenye upenu wake, hufunika ardhi ya mita za eneo 88, hivyo mvua ya milimita 20 huweza kuleta zaidi ya lita 1,500, hata baada ya kutoa yanayopotea. Kwa mama wa Mbeere hizo ni safari nyingi za mtoni.

Liko paa moja ambalo fundi wa kawaida asiliguse kabisa. Ni lile la vigae vikubwa vya kijivu vya asbesto, lionekanalo bado katika majengo ya kale, mashule na nyumba za watumishi. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006. Vumbi lake likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu na saratani baada ya miaka mingi, kwa hiyo aliyelivunja leo huona hana neno. Lisikatwe kwa msumeno, lisisuguliwe kwa brashi, wala vipande vyake visitupwe shambani. Kuliondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA.

Ugomvi ukitokea na wazee wakashindwa kuupatanisha, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na Sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni moja, na hukumu yapaswa kutoka katika siku 60. Huko karatasi ya mapatano na stakabadhi za duka ndizo zinazosema.

Na karatasi hiyo humlinda fundi vilevile. Wapo wenye nyumba wanaowaita mafundi hali mabati hayajafika, wakawakalisha siku mbili bila ujira. Wapo wanaoongeza baraza na dirisha la dari juu ya bei ile ile. Na wapo ambao, mvua ya kwanza ikipita bila tone, huanza kutafuta ila katika rangi ya misumari. Fundi aliyezoea kutendewa hivyo ndiye adaiye fedha zote mapema. Alipwe siku iliyoandikwa, papo hapo chini ya paa alilolimaliza.