Povu la jakuzi lisizimwe kwa chupa

Pampu ya jakuzi ikizimwa, maji safi hutulia na mapovu yake hupasuka mara moja. Yakibaki na povu zito linaloelea na kujikusanya ukingoni, maji hayo yamechafuka, hata kama yanang'aa na hayanuki. Tunaliandika jambo hili kwa sababu jakuzi si kitu cha hoteli kubwa pekee tena. Zimo katika nyumba za kupangisha wageni huko Nungwi na Diani, zimo juu ya paa za maghorofa ya Nairobi na Dar es Salaam, na ndugu zetu wanaoishi Uingereza, Kanada au Marekani wanazikuta uani kwao. Povu likitokea, ushauri unaotolewa ni uleule: mimina dawa ya kuzima povu, mambo yaendelee.

Ushauri huo ni mbaya na tunaupinga.

Kiputo cha hewa kikipanda katika maji matupu hufika juu na kupasuka, kwa kuwa utando wa maji unaokifunika ni mwembamba na huchuruzika haraka. Maji yakiwa na sabuni, chembe za sabuni hujipanga kwenye utando huo, upande mmoja ukishika maji na wa pili ukiyakimbia, na utando hupata nguvu ya kudumu. Protini za jasho na za ngozi iliyobanduka hufanya kazi hiyohiyo, ingawa kwa unyonge zaidi. Kwa hiyo pampu inaleta hewa tu. Kinachoifanya hewa hiyo igeuke povu kimeletwa na waogaji, au na mtu aliyesafisha jakuzi kabla yao.

Hakuna anayemimina shampuu ndani ya jakuzi kwa makusudi, lakini inaingia. Inaingia na nywele zilizooshwa asubuhi zisisuuzwe vya kutosha. Inaingia na mafuta ya kujikinga na jua, na jeli ya nywele, na marashi, na poda ya usoni. Losheni ndiyo inayodanganya wengi. Mtu anaiona ni mafuta tu, kumbe ni mafuta na maji yaliyolazimishwa kukaa pamoja, na kinachoyalazimisha ni kemikali za jamii moja na sabuni. Mafuta ya nazi matupu hayana kemikali hizo, kwa hiyo hayaleti povu kwa urahisi. Yanachofanya ni kuacha mstari wa utando ukingoni na kuziba chujio, na chujio lililoziba haliwezi tena kunasa uchafu mwingine.

Nguo ndizo zinazosahauliwa kuliko vyote. Nguo ya kuogelea iliyofuliwa kwa sabuni ya unga hubaki na sabuni ndani ya nyuzi zake hata baada ya kukauka na kunukia vizuri. Ikikaa katika maji ya moto yanayosukumwa na pampu, sabuni hiyo hutoka yote. Kwetu jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu wengi wetu huingia majini kwa dera, leso au fulana na kaptula ya pamba, na kitambaa kingi hubeba sabuni nyingi, hasa kikiwa kimelowekwa pia katika dawa ya kulainisha nguo. Hatumwambii mtu avae nini akiingia majini. Tunasema nguo ya jakuzi itengwe na isuuzwe kwa maji matupu, mara mbili au tatu, pasipo sabuni kabisa.

Halafu kuna sabuni inayoletwa na usafi wenyewe. Jakuzi inasuguliwa kwa sabuni ya vyombo kisha inajazwa maji kabla haijasuuzwa sawasawa. Chujio linalowekwa katika sabuni ya unga liwe jeupe hurudishwa mahali pake likiwa limejaa sabuni, na povu la siku hiyo huwa la kutisha. Hata baadhi ya dawa za kuua mwani zilizotengenezwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea hutoa povu zenyewe zikirushwa na pampu. Mtunza nyumba hulaumiwa kwa haya yote, ilhali aliambiwa tu "safisha" na hakuna aliyemwonyesha namna.

Maji yenyewe nayo yana sehemu yake. Anayefua pwani anajua kwamba maji ya kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe yana chokaa, na sabuni ndani yake hukataa kutoa povu. Anajua pia kwamba maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi hutoa povu kwa kipande kidogo tu. Jakuzi inafuata kanuni hiyohiyo. Maji yenye kalsiamu kidogo hutoa povu kwa uchafu ambao maji ya chokaa yangeumeza, na ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka kalsiamu iwe kati ya miligramu 150 na 250 kwa lita. Nairobi, inayopata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, hutumia maji laini, kwa hiyo mwenye jakuzi huko hana budi kuyapima na pengine kuyaongezea kloridi ya kalsiamu. Mwenye jakuzi Nungwi anayetumia maji ya kisima ana tatizo la upande wa pili, la chokaa inayoganda kwenye kipasha joto. Huyo akiona povu asiyalaumu maji, awaangalie waogaji. Anayetumia maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mashine yuko pamoja na mtu wa Nairobi, kwa kuwa mashine huondoa karibu madini yote.

Udogo wa jakuzi ndio unaofanya mambo haya yawe mazito. Chukua jakuzi ya lita 1,500 yenye watu wanne ndani. Kila mmoja ana lita 375 za kumbeba yeye, jasho lake, losheni yake na sabuni ya nguo yake. Kulijaza bwawa la kuogelea la lita 60,000 kwa kiwango hicho kungehitaji watu 160, na hakuna mwenye nyumba ambaye angekubali. Juu ya hayo, maji yako kwenye nyuzi 38, mwili unatoka jasho zaidi, na klorini huisha upesi kwa sababu ya joto na hewa inayosukumwa. Jioni moja ya watu wanne inaweza kuimaliza klorini iliyotosha asubuhi.

Hapo ndipo chupa ya kuzima povu inapoingia. Nyingi ya dawa hizi ni mchanganyiko wa silikoni. Matone machache husambaa juu ya maji, huvunja utando wa viputo, na povu huzama mbele ya macho. Sabuni inabaki. Jasho linabaki. Klorini iliyokwisha haijarudi. Ni kumpa mwenye homa dawa ya maumivu na kumrudisha shambani bila kumpima malaria. Tena dawa yenyewe ni mzigo mpya ndani ya maji, na ikimiminwa kila siku hulipaka chujio utando ambao hautoki kwa maji matupu.

Povu lenyewe halimuui mtu. Tunaliogopa kwa sababu linaambatana na uchafu unaokula klorini, na maji ya moto yasiyo na klorini ni nyumba ya vijidudu. Bakteria aina ya Pseudomonas huleta vipele vyenye muwasho siku chache baada ya kuoga. Legionella ni hatari zaidi. Hustawi katika joto hilohilo tunalolipenda, hujificha katika utando wa uchafu ndani ya mabomba, kisha hurushwa hewani na pampu katika matone madogo yanayovutwa hadi mapafuni. Mnamo Februari 1999, katika maonyesho ya maua ya Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi iliyowekwa kuvutia wanunuzi ilieneza ugonjwa unaoletwa na Legionella kwa watu waliokuwa wakipita tu. Watu wasiopungua 32 walikufa. Hawakuhitaji kuingia majini. Walivuta hewa ya karibu.

Kwa nini basi watu wenye nia njema huikimbilia chupa? Tunaona sababu yake katika hesabu ya saa. Mgeni anatoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa nane mchana. Kupasha lita 1,500 kutoka nyuzi 25 hadi 38 kwa kipasha joto cha kilowati 3 huchukua zaidi ya saa saba, na hapo hujahesabu kumwaga, kusafisha na kujaza. Kule Uingereza, maji yakitoka bombani yakiwa na nyuzi 10, ni kama saa 16. Mwenye nyumba aliyeahidi maji ya moto siku ya kufika hawezi kubadilisha maji na kutimiza ahadi kwa wakati mmoja. Anachagua ahadi, na chupa inamsaidia kuficha alichoacha.

Kwa hiyo kinachopaswa kubadilika ni ahadi. Mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza wa 2017 unataka jakuzi ya nyumba za kupangisha wageni imwagwe, isafishwe na kujazwa upya kila kundi la wageni linapobadilika. Tunaona hicho ni kipimo cha haki hata hapa kwetu, na hakimzuii mtu kufanya biashara. Mgeni aambiwe wazi kwamba jakuzi yake itakuwa tayari usiku wa kwanza au asubuhi ya pili. Atakayekasirika kwa hilo ni mmoja kati ya wengi, na hata yeye ataelewa akielezwa kwamba maji ya waliomtangulia yamemwagwa kwa ajili yake.

Kwa anayetumia jakuzi nyumbani na watu wake, kazi ni nyepesi zaidi. Povu likionekana, apime kwanza. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kinashauri klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, au bromini isipungue 4, pH iwe kati ya 7.0 na 7.8, na joto lisizidi nyuzi 40. Karatasi za kupimia zinatosha kwa klorini, bromini na pH. Kisha atoe chujio na kuliosha kwa maji yenye nguvu, akifungua kila mkunjo, na mara moja kwa mwezi aliloweke katika dawa yake maalumu. Aongeze dawa ya kuunguza uchafu, aache kifuniko wazi na pampu ikizunguka, asiingie hadi kipimo kirudi mahali pake. Povu la jasho na losheni kidogo huisha hivyo.

Lisipoisha, maji yamwagwe. Maji yaliyotumika miezi mitatu au minne yamejaa mabaki ambayo hakuna dawa itakayoyaondoa, na kuendelea kuyatibu ni kupoteza fedha. Kabla ya kuyamwaga ni vizuri kutia dawa ya kusafisha mabomba na kuiendesha pampu, maana mabomba hayafikiwi na brashi na uchafu uliomo humo huyachafua maji mapya siku ileile. Wengi huiruka hatua hii, kisha hushangaa povu limerudi baada ya siku mbili. Maji ya kumwaga yaachwe bila dawa hadi klorini iishe, yasije yakaunguza bustani au kuua samaki wa mfereji wa jirani.

Njia ya kuzuia yote haya haina gharama. Kila anayeingia apite kwenye bafu dakika moja, ajisuuze mwili mzima, nywele nazo. Dakika hiyo huondoa sehemu kubwa ya jasho, losheni na vumbi. Wapo wanaoona aibu kumwambia mgeni akaoge kabla ya kuoga. Sisi hatuoni aibu yoyote hapo. Mzee mwenye baridi yabisi anayepata nafuu ya viungo katika maji hayo, na mtoto anayeyanywa kwa bahati mbaya, wana haki ya maji ambayo mwenzao hakuyaachia losheni yake. Kibandiko kidogo ukutani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wageni, kinamaliza mjadala.

Kwa wenye nyumba za kupangisha tuna ombi moja zaidi, na tunalitilia mkazo. Mpeni mtunza nyumba karatasi za kupimia, chujio la pili la kubadilisha wakati la kwanza linakauka, daftari la kuandika vipimo vya kila siku, na ruhusa ya kufunga jakuzi kipimo kikiwa kibaya, hata mgeni akilalamika, hata simu yenu ikiwa imezimwa. Yeye ndiye anayeyaona maji kila asubuhi. Leo wengi wao hawana ruhusa hiyo. Wana chupa tu.