Hapana, Sirudishi Zile Rimu Pana

Wasee, tangu niwaonyeshe ile Datsun yangu ndogo, nimeulizwa swali moja mpaka nimechoka: "Mbona umeiharibu?" Kuna mmoja ameniambia nimechukua ndai kali nikaifanya gari ya kubeba kabeji. Nilicheka, lakini iliniuma kidogo. Kwa hivyo leo sijengi kitu. Leo nawajibu.

Nianze na wale ambao hawakuona mwanzo. Ile seti niliipata Karatina, kwa mama mmoja anayeuza vitu vya watoto vya mtumba, katikati ya wanasesere wasio na vichwa. Sanduku limepasuka, maandishi yote ni ya Kijapani, bei shilingi 400. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki vya Datsun 240Z, kipimo cha 1 kwa 24. Maanake gari ya urefu wa mita nne na kitu inageuka kitu cha sentimita 17 hivi, kinakaa juu ya kitabu cha mazoezi.

Ila haikuwa 240Z ya kawaida. Ilikuwa ile ya vijana wa Japani wa kukimbizana usiku: imeshushwa mpaka karibu ilambe lami, matao ya magurudumu yamepanuliwa, rimu pana kama sufuria za harusi, spoila mbele na nyuma. Sitadanganya, ilikuwa moto. Na hapo ndipo wengi wenu mlitaka nisimame. Piga rangi nyeusi, piga picha, maliza.

Mimi nikairudisha mwaka wa 1971.

Kwa nini 1971? Kwa sababu gari hii ina historia na sisi kabla ya kuwa na historia na hao vijana wa usiku. Mashindano ya Safari yalianza 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa ya Pasaka kila mwaka. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, na 240Z nyingine. Mwaka wa 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda yeye mwenyewe na gari hiyo hiyo aina ya Z, halafu akarudi kushinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Hizo ni mbio za zaidi ya kilomita 5,000, usiku na mchana, matope, vumbi, ng'ombe. Siku hizi WRC inakimbia Naivasha, imerudi tangu 2021, na ni poa sana. Lakini zamani Safari ilikuwa inazunguka huku kwetu Mlima Kenya, na mtu alikuwa anaiona akiwa amesimama kwa shamba lake.

Sasa, kazi yenyewe. Watu wanadhani kubadilisha gari ni kuongeza. Angalia mjini Nyeri: msee akipata Subaru, kesho ameongeza rimu, keshokutwa amekata springi, wiki ijayo amekwama kwa tuta la kwanza akiteremka Ruring'u. Kuongeza ni rahisi, unahitaji ganji tu. Kurudisha gari nyuma ni kutoa, na huwezi kutoa kama hujui ni nini kilikuja baadaye.

Nilianza na spoila, hiyo haikuwa noma, sikuzibandika tu. Matao ndiyo yalinitoa jasho kwa sababu yalikuwa yameungana na bodi. Siku tatu na wembe na msasa, nikakata mpaka pande zote mbili zikabaki na mashimo. Nikaenda kwa fundi mmoja wa bodi kule King'ong'o, akanipa fila iliyobaki chini ya mkebe, ile ile anayozibia matatu zilizogongwa. Nikaziba, nikapiga msasa, nikaziba tena. Rimu pana nje. Magurudumu membamba niliyatoa kwa gari mbovu ya kuchezea, nikayapunguza mpaka yakatoshea. Halafu nikainua gari. Kwa kipimo hiki, ukiinua modeli milimita 2, umeinua gari ya ukweli karibu sentimita 5. Milimita 2 tu, na ghafla ilionekana kama kitu kinachoweza kutoka Naro Moru mpaka Meru bila kuacha tumbo njiani.

Nikapiga rangi nyekundu, boneti nyeusi, taa za ziada mbele, vipande vya mpira nyuma ya magurudumu vya kuzuia matope. Nikaipaka matope mekundu kama udongo wa shamba letu. Nikawa nimeridhika kabisa. Nikaipeleka kwa guka.

Guka wangu hajui mambo ya modeli. Aliigeuza mkononi kama mtu anayechagua parachichi. Aliitambua mara moja, akasema, "Datsun." Halafu akaanza kuikosoa. Kwanza, matope. Yeye aliziona zikipita karibu na Naro Moru, na huko udongo ni mweusi, unanata, ukikauka unakuwa kijivu. Haya mekundu nimeyatoa wapi? Pili, ilikuwa safi sana. Akasema akizikumbuka hakumbuki rangi, anakumbuka taa mbili zikitoka gizani na kelele inayofika kabla ya gari.

Halafu akauliza kitu ambacho sikuwa nimewaza hata sekunde moja. Akashika buti ya nyuma kwa kidole, akauliza, "Na sisi tuliosukuma tuko wapi?"

Maze.

Kumbe moja ilikwama. Mvua ya Pasaka, usiku, gari imezama mpaka milango. Guka alikuwa kijana wa shule, amevaa shati la kanisani, lile moja tu alilokuwa nalo. Wakaingia kwa matope yeye na wenzake kama kumi, wakaisukuma mpaka ikatoka, ikawarushia tope usoni, ikaenda. Hakumbuki mwaka. Hakumbuki namba. Hajui ni nani alikuwa anaendesha. Anachokumbuka ni mama yake na lile shati.

Nimeishi na huyu mzee miaka 22 na sijawahi kusikia hiyo hadithi. Si kwamba aliificha. Hakuna mtu aliwahi kuuliza, na mimi singeuliza kama singemwekea plastiki mkononi.

Nikarudi nyumbani nikaosha matope mekundu. Nikachanganya rangi nyeusi na vumbi la mkaa na majivu kidogo. Na namba 11 nikaitoa. Hapa ndipo wale wanaojua Safari walinikasirikia, na nawaelewa. Lakini guka hakusukuma namba 11 kwa vile anavyojua yeye. Alisukuma Datsun. Ningeacha namba, ningekuwa natengeneza gari iliyo kwenye kila picha ya ushindi. Nilitaka gari aliyoiona yeye. Kisha kwenye buti, juu ya matope, nikaweka alama za mikono. Kiganja cha mtu mzima kwa kipimo hiki kina upana wa milimita 4 hivi. Nilitumia ncha ya kijiti cha kiberiti nilichokichonga. Ukitazama haraka utadhani ni uchafu. Ndiyo hizo mlizoniambia nifute.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kizazi chetu kinapenda mambo ya zamani, lakini tunayapenda kama rangi ya picha. Unaweka ile rangi ya kahawia kwa simu, unavaa koti la mtumba la miaka ya sabini, unasema "enzi hizo." Enzi gani? Za nani? Zamani ya ukweli haikuwa na rangi ya kahawia. Ilikuwa na tope jeusi na shati moja. Na watu walioiona wako sebuleni kwenu sasa hivi wakitazama habari, wakingoja mtu awaulize kitu kingine zaidi ya "umekula?"

Najua mtasema ni toy tu, kila mtu ajenge anavyotaka. Sawa kabisa. Ukitaka yako ikae chini na rimu za harusi, ijenge, nitaipenda. Hata ile ni historia, ya vijana wa Japani. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kutoa vitu ni kuharibu. Nimeyasikia hayo sana nje ya modeli pia. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, wajomba walikaa kikao wakasema nimerudi nyuma. Labda. Sitawaambia nanyi muache shule, mathe bado anaomba nirudi na sijamwambia hapana. Lakini najua hivi: tangu nianze kukata na kupiga msasa, nimejifunza kupima, nimejifunza kuuliza, na nimekaa na guka zaidi ya vile nilivyokaa naye miaka yangu yote ya shule.

Wengi wetu huku tulianza na magari ya waya, magurudumu ya kandambili zilizokatwa, na hatukungoja mtu atuuzie sanduku. Tulitazama gari ikipita barabarani, tukaikunja. Hiyo akili bado iko.

Gari inayofuata ni pikapu ya Peugeot 404, ile ya kubebea abiria nyuma enzi za matatu za kwanza, kabla sijazaliwa na kabla baba hajaanza shule. Sina seti yake, nitaijenga kwa makaratasi na fila. Kabla sijakata kitu chochote, kesho naenda kwa cucu kumuuliza walikuwa wanakaa wapi, wanashika nini, na nauli walimpa nani. Nawe uliza wako. Halafu uniambie alikukosoa wapi.