Udongo wetu ulitibu kansa ya wengine
Mawe ya Shinkolobwe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, na kuanzia 1922 yakatoa radiamu, metali iliyotumiwa Ulaya kutibu kansa. Leo kuna sisplatini, dawa yenye platini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1978. Inazuia chembe za kansa zisigawanyike. Hiyo ni metali iliyotengenezwa na kupimwa. Mtu akiwauzia unga wa jiwe, hasa nyinyi ndugu mliokimbia vita, akisema unaponya kansa, mkatae: unaweza kuwa sumu. Lakini serikali nayo isinyamaze. Kodi ya shaba na kobalti inunue dawa za kansa kwa hospitali za Lubumbashi. Mama mwenye uvimbe asiuze shamba ili atibiwe.